Muhuri wa Bwana Pyo

Daegu, Korea Kusini
4 Machi 2024

Mdogo wangu Teresia,

Leo ni Jumatatu, tarehe nne Machi, nami nimetimiza miaka ishirini na sita tangu nilipopanda lori pale Garsen, maji ya ile mvua kubwa yakiwa bado yamesimama mashambani na kijiji chetu cha zamani kikiwa ndani yake.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba viboko wamekuachia angalau nusu ya mpunga. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika kwenye ngazi, lakini baridi imeanza kulegea, na asubuhi hii nimetoka bila skafu. Msalimie Shangazi Rosina, umwambie kwamba mtoto aliyemlea bado anakunja shuka zake kama alivyofunzwa. Msalimie Mzee Dhadho pia. Kama ng'ombe wake bado wanashuka mtoni kwa malka, ile njia ya mifugo inayokata shamba letu, wasalimie nao.

Utasema ningepiga simu. Ni wewe uliyesema kwamba kwenye simu nasema "niko sawa" halafu laini inakatika, na kwamba barua haina mahali pa kukatikia. Basi nimeandika.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo ninachofundisha Kiswahili ni mali ya mtu mmoja, Bwana Pyo. Zamani kilikuwa na Kihispania, Kivietinamu na Kiswahili, na mimi nilikuwa na wanafunzi: wahandisi waliokuwa wakitumwa Tanzania, watawa waliokuwa wakienda Turkana, na mzee mmoja aliyependa tu kujisikia akisema "shikamoo". Leo kimebaki Kiswahili, na mwanafunzi amebaki mmoja. Mwanafunzi huyo ni Bwana Pyo mwenyewe. Alijiandikisha miaka sita iliyopita, kwa sababu mwalimu wa kigeni asiye na darasa hana haki ya kibali. Ada analipa kwa mkono wa kulia na kuipokea kwa mkono wa kushoto, na hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Sasa kuna chuo kingine, katika mji wa Jeonju, kinanitaka. Mkuu wake, Bi. Hwang, ana wanafunzi wa kweli, wenye makelele. Lakini kibali cha kazi huku kimefungwa kwa mwajiri aliyekudhamini. Nikitaka kuhama, Bwana Pyo lazima aandike barua ya kuniachilia na kuigonga muhuri wake. Muhuri wa mtu huku ni kijiti kifupi kilichochongwa jina lake upande wa chini, kinachochovywa kwenye wino mwekundu, na kina nguvu kuliko saini. Bila muhuri huo, tarehe 31 Oktoba kibali changu kinakwisha na itanibidi niondoke nchini.

Nimemwomba. Hakatai. Anasema "wiki ijayo", kwa Kiswahili kizuri sana nilichomfundisha mwenyewe.

Sikuombi ufanye lolote. Niombee tu kanisani.

Kaka yako,
Laban


Wema
9 Aprili 2024

Kaka Laban,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Viboko hawakuacha nusu, waliacha robo, ila robo yenyewe ni nzuri. Shangazi Rosina macho yameisha, anaona nuru ya mlango tu, lakini masikio yake yanasikia mpaka unachofikiria. Mvua imeanza na mto una rangi nisiyoipenda.

Ulisema nisifanye lolote. Nimelipeleka jambo lako kwa Gasa, baraza la wazee wetu.

Walikaa tangu asubuhi. Waliuliza kama huyo Pyo ana ukoo, nikasema hujaandika. Waliuliza kama amewahi kukupiga, nikasema hujaandika. Mmoja akasema kama mtu hapigwi na analipwa, kesi iko wapi. Walikuwa karibu kuinuka ndipo akapita Mzee Dhadho akitafuta ndama wake, akaulizwa kwa sababu yeye amekaa kwa watu maisha yake yote.

Unajua habari yake. Kabla ya kuwa mgeni wa baba yetu alikuwa na mwenyeji mwingine upande wa Wenje, na ng'ombe wake walikunywa kwa malka ya mtu huyo. Alipotaka kuja kwetu hakuja tu. Yule mwenyeji wa kwanza aliitwa, akakalishwa, akalishwa na watu wa mgeni mpaka akashiba, ndipo akasema mbele ya mashahidi kwamba mtu huyu ameniaga vizuri, mpokeeni. Bila hivyo baba angekuwa amempokea mgeni wa wizi.

Basi Mzee Dhadho akaniuliza umekaa kwa Pyo miaka mingapi. Nikasema kumi na minne. Akauliza ni lini watu wa Laban wamemlisha huyo mtu. Kaka, nikasema hata siku moja.

"Hana kosa," akasema. "Mmekula kwake miaka yote hiyo na hata kibuyu cha maziwa hamjampelekea. Mimi pia nisingemwachilia."

Wazee wote wakakubali kwamba mwenye makosa ni sisi. Tumemwandikia barua ya kumwomba radhi na kumwita aje ale. Anwani iko juu ya bahasha zako, kwa maana naona unachukua bahasha za chuo. Mzee Dhadho alisema maneno, mimi nikaandika, na ni barua nzuri. Imetoka pamoja na hii.

Ukitaka kufuatana naye, pa kulala papo.

Mdogo wako,
Teresia


Daegu
20 Juni 2024

Mdogo wangu Teresia,

Barua yako ilifika ikiwa imekunjamana na ina alama ya maji mpaka katikati. Nimesikia habari za mafuriko, barabara ya Garsen kukatika na watu kuvushwa kwa boti. Niambie ukweli juu ya migomba, na juu ya Shangazi, kama mlimhamisha kwenda mahali pa juu na nani alimbeba. Niambie pia kama Mzee Dhadho alipata pa kuweka mifugo.

Nilitaka kuanza barua hii kwa kukugombeza. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima nikieleza kwamba mwajiri si mwenye malka, kwamba Bwana Pyo na mimi tuna mkataba wenye vifungu, kwamba idara ya uhamiaji ya nchi hii haiulizi nani amekula kwa nani. Ukurasa huo nimeuchana, kwa sababu haya ndiyo yaliyotokea.

Bwana Pyo alileta barua yenu darasani. Aliomba tuisome kama somo. Tuliisoma siku nyingi, mstari kwa mstari, naye akiandika pembeni kwa penseli. Akauliza malka ni nini. Nikamchorea ubaoni mto, mashamba huku na huku, na njia ya ng'ombe ikishuka katikati. Aliutazama mchoro huo mpaka kipindi kikaisha. Akauliza kama ng'ombe wanaijua njia au wanaongozwa. Nikasema wanaijua. Halafu akauliza kama ni kweli kwamba watu wangu hawajawahi kumlisha.

Nilitaka kumwambia kwamba kisheria jambo hilo halina uzito. Nikasema ni kweli.

Akasema siku zote alihisi kuna kitu kimebaki baina yetu, ila hakujua kinaitwaje.

Jumatatu wiki hii amepanda ndege. Amenunua buti za mpira na koti la mvua la kijani, na muhuri wake ameutia mfukoni. Chuo hakukifunga, maana siku chuo kinapofungwa kibali changu nacho kinakufa. Kwa hiyo kiko wazi, nami ndiye mtu pekee aliyemo. Mwalimu asiyefika darasani anaweza kuhesabiwa kuwa amemtoroka mwajiri wake. Basi nafika. Nasema "hamjambo". Nangoja kiasi cha heshima. Nafundisha mpaka saa ya mapumziko, napumzika, narudi. Jana nilijikuta nikirudia maelezo kwa sababu niliona viti havijaelewa.

Bwana Pyo atafika kabla ya barua hii. Nakusihi, mlisheni vizuri, agonge muhuri, mumsindikize. Kambare msimpe siku ya kwanza.

Kaka yako,
Laban


Wema
14 Julai 2024

Kaka Laban,

Sisi wazima, tukimshukuru Mungu. Migomba ya chini yote imekwenda. Ya juu imesimama. Shangazi alibebwa na wanaume wawili kwenye kiti, akiwaelekeza njia yeye asiyeona, na walipokosea aliwaambia. Mzee Dhadho alipoteza ndama kadhaa lakini alikuwa amewahi kupeleka kundi kubwa upande wa juu. Udongo ulioachwa na maji ni mweusi na mnono, tumepanda tayari.

Mgeni wako amefika. Alitoka Garsen kwa bodaboda, sanduku mapajani, buti miguuni, na jua linawaka. Mwenye pikipiki anasema njia nzima alikuwa akiuliza majina ya ndege. Akashuka mbele ya mlango wangu, akavua kofia, akakohoa kidogo na kusema: "Hamjambo wenyeji wangu. Kwa hakika nimechelewa."

Kaka! Ni wewe. Ni sauti yako, na kikohozi chako kile cha kabla ya "kwa hakika", na jinsi unavyovuta maneno ya mwisho kama mtu anayefunga kamba. Uso mwingine kabisa, na ndani yake umekaa wewe. Watoto walicheka, lakini watu wa rika letu walisogea karibu wamsikie tena.

Tulimlisha siku ya Jumamosi. Mzee Dhadho alichinja mbuzi, sisi wali na samaki, kambare hapana, kama ulivyoagiza, ingawa barua yako ilifika baadaye na ni mimi mwenyewe niliyeona huruma. Alikula mpaka akalegeza mkanda. Wazee wakakaa, mashahidi wakakaa. Mzee Dhadho akamuuliza kama ameshiba, akasema ameshiba. Akamuuliza kama anamwachilia mtu wetu.

"Wiki ijayo," akasema.

Nilidhani wazee watakasirika. Walifurahi. Walisema mtu anayemwachilia mgeni wake siku ya kwanza hakuwa anampenda.

Muhuri wake nimeuona. Tatizo ni kwamba Mansur pia ameuona, yule dalali wa ng'ombe wa Garsen. Alimwomba agonge kwenye karatasi ya kuuzia fahali, ipendeze tu, naye akagonga kwa sababu aliombwa kwa adabu. Sasa wanunuzi kutoka Malindi wanakataa ng'ombe asiye na alama nyekundu. Siku ya soko Bwana Pyo anakaa kwenye kigoda tangu asubuhi, anamtazama kila mnyama meno na macho, anagonga. Kuna mmoja alimkataa kwa sababu alionekana na huzuni, na mwenyewe akamrudisha nyumbani bila ubishi.

Jambo moja zaidi. Shangazi Rosina alimsikia akiongea uani. Akasema, "Laban amerudi." Akamwita, akamshika uso, akamkalisha. Tangu siku hiyo Bwana Pyo anakaa naye kila asubuhi wakichambua mboga. Anamwita Laban naye anaitika. Hatujamsahihisha.

Analala kwenye nyumba ya pili, ina hewa nzuri.

Teresia


Daegu
12 Agosti 2024

Mdogo wangu Teresia,

Salamu. Ni mzima. Joto la Daegu mwezi huu ni la kukaa ndani ya sufuria. Nafurahi kusikia juu ya udongo, na pole kwa migomba.

Nyumba ya pili ni ipi? Ninavyokumbuka una nyumba moja na jiko lake. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi na haisemi zaidi.

Sasa Shangazi. Ninajua kinachotakiwa kusemwa: aambiwe ukweli. Lakini nimeanza kuandika hivyo na mkono umesimama. Anapenda kuzungumza juu ya nini naye?

Bi. Hwang amenipigia simu tena. Ana subira, lakini muhula wake unaanza na yeye pia ana masharti yake. Karatasi yenye muhuri ikifika mwanzoni mwa Oktoba nitakuwa nimewahi. Ikifika Novemba nitakuwa nimekwisha ondoka. Sizungumzii wiki ijayo ya Bwana Pyo. Nazungumzia kalenda.

Darasa linaendelea. Mlinzi wa jengo, Bwana Kwak, aliingia kubadilisha taa, akakaa kiti cha nyuma akisikiliza salamu za asubuhi na za jioni. Alipoinuka kwenda zake, niliona pengo.

Najua hutanijibu juu ya nyumba, kwa hiyo nauliza kwa mara ya pili hapa chini ili iwe jambo la mwisho utakalosoma. Nyumba ya pili ni ipi?

Laban


Wema
10 Septemba 2024

Kaka Laban,

Sisi wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Ruhusa ya utalii ya Bwana Pyo inaisha wiki hii na tumemwombea muda zaidi, kwa sababu kuna habari mpya.

Ameanza kufundisha Garsen, jioni, kwenye ukumbi wa kanisa. Anafundisha Kiswahili. Usicheke. Unajua sisi tunavyokisema huku: Mpokomo anacho chake, Mworma chake, Msomali wa dukani chake, Mgiriama chake, na vijana wana kile ambacho hata wao hawakielewi. Kila mmoja alikuwa akiona haya kukosea mbele ya mwenzake wa kabila lingine. Mbele ya Bwana Pyo hakuna anayeona haya. Orma na Pokomo wanakaa benchi moja wakisahihishwa na Mkorea, na wakitoka nje wanamwiga, yaani wanakuiga wewe. Juzi nilimsikia Mansur akimwambia mtu sokoni, "Kwa hakika, bei yako ni ya uchokozi."

Kikundi chetu cha wanawake kimeamua kumwajiri. Tukaenda kuuliza masharti. Mgeni anayetaka kibali cha kazi lazima adhaminiwe na mwajiri, na mwajiri aeleze kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanywa na raia. Tulikaa tukafikiri. Tukajibu kwamba yuko raia mmoja anayeiweza, lakini yuko Korea akifundisha viti.

Mzee Dhadho naye amesema hatuwezi kumpokea Bwana Pyo kama mgeni wa wizi. Lazima aachiliwe na anakotoka. Tumemuuliza chuo chake kina nani sasa. Anasema kina wewe. Kwa hiyo wewe ndiye wa kumwachilia, na barua yako tunaingoja kama wewe unavyoingoja ya kwake.

Sasa nyumba. Ni yako. Tuliijenga mwaka juzi, juu kabisa ambako maji hayakufika hata safari hii. Ina vyumba vitatu, na dirisha moja linatazama mto, pale ulipokuwa ua wa zamani, ingawa sasa ni maji tu. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungeandika barua ya shukrani ya kurasa tatu na usingekuja.

Umeniuliza wazi nami nikuambie wazi. Muhuri uko mezani kwangu kila usiku, karibu na chumvi. Ningemwambia Bwana Pyo agonge angegonga, tangu Julai amekuwa akingoja nimwambie. Lakini naona kwamba karatasi isipokuja, sheria ya huko itakutia kwenye ndege tarehe thelathini na moja. Sheria itafanya kile ambacho mimi nimeshindwa kwa miaka ishirini na sita. Sioni ubaya wake.

Wewe niambie ubaya wake ni upi.

Teresia


Wema
24 Septemba 2024

Kaka Laban,

Hii ni fupi. Inakwenda na mtu anayeruka kesho kutoka Nairobi, si kwa posta.

Jana asubuhi Shangazi aliniita. Bwana Pyo alikuwa amekwenda sokoni. Akaniambia nifunge mlango. Akasema, "Yule mtu ni mwema, lakini si Laban. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Nikamuuliza amejuaje wakati sauti ni ile ile.

"Anakaa nami asubuhi nzima," akasema. "Laban tangu mdogo alikuwa akikaa na mimi, uso ukiwa mlangoni. Huyu uso wake uko kwenye mboga. Mwacheni mwenzenu, Teresia. Msimlete mtu kwa kamba."

Nikamwambia basi kwa nini amekuwa akimwita hivyo. Akasema jina lilikuwa limekaa bure.

Jioni nilimwekea Bwana Pyo karatasi mbele yake nikamwambia agonge. Aligonga polepole, akaipulizia wino ukauka. Hakusema wiki ijayo. Mzee Dhadho aliitwa awe shahidi na akasema imekuwa vizuri.

Karatasi iko humu ndani. Kama imekunjika nisamehe.

Teresia


Jeonju
26 Oktoba 2024

Mdogo wangu Teresia,

Salamu kutoka mji mwingine. Mimi ni mzima. Nimehamia hapa siku tano zilizopita, na Bi. Hwang amenipa chumba juu ya duka la maua. Wanafunzi wake wana makelele kama alivyoahidi. Siku ya kwanza niliingia, nikasema "hamjambo", wakajibu wote pamoja, nami nikashtuka mpaka nikaangusha chaki.

Karatasi ilifika salama. Niliipeleka mwenyewe, na afisa aliyeipokea alikuwa na adabu. Alisoma barua, akauliza kwa nini inanukia vitunguu. Nikasema imetoka nyumbani. Akaandika tarehe, akanipa kadi mpya, na kazi ikaisha.

Siku ya mwisho Daegu nilifika darasani kama kawaida. Niliviaga viti, nikafuta ubao. Mchoro wa mto nilikuwa sijaufuta tangu Juni, nami niliufuta wa mwisho. Bwana Kwak alikuja akafunga mlango, akasema "kwaheri ya kuonana" bila kosa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kumwachilia Bwana Pyo. Sina muhuri, kwa hiyo nimeweka kidole gumba. Nimeandika kwamba mimi, niliyebaki peke yangu katika chuo chake, nimekula kwake miaka kumi na minne, kwamba amelishwa na watu wangu akashiba, na kwamba sina neno naye. Mpokeeni. Mzee Dhadho atajua kama maneno yanatosha. Kama hayatoshi, aniambie yaliyopungua.

Uliniuliza ubaya ni upi. Nimelijibu swali hilo mara nyingi kichwani, nikitembea, na kila jibu lilikuwa zuri na lilikuwa la uongo. Nilitaka kusema kijiji nilichotoka kimeliwa na mto, lakini mmekihamisha na mnaishi. Nilitaka kusema goti. Nilitaka kusema kazi. Kisha ikaja barua yako fupi, na Shangazi akawa amelisema kwa maneno machache kuliko mimi. Uso wangu ulikuwa mlangoni. Hakuna aliyenifukuza, wala mafuriko hayakunifukuza. Mafuriko yaliniwekea lori tu. Niliondoka kwa kuwa nilitaka kuondoka, na huku nilikofika, usiku ninapozima taa, ndiko kwangu. Nimeogopa kukuandikia hayo tangu mwaka ule, ndiyo maana ulikuwa ukipata habari za baridi na skafu.

Usimfiche Shangazi barua hii. Msomee yote, kwa sauti yako, si kwa sauti ya Bwana Pyo. Mwambie kwamba nilikuwa nikimsikia hata nilipokuwa nikitazama nje. Na kama bado anapenda kumwita yule Laban, amwite. Simwonei wivu. Asubuhi moja tu ya mboga ningeitamani, kama ingewezekana kuipata bila safari.

Nyumba mpe Bwana Pyo. Usimpangishe, mpe. Chumba chenye dirisha la mtoni nadhani kitamfaa, kwa sababu yeye hajui kilichokuwa pale na ataona mto tu. Wewe ukihitaji kuzungumza nami, anayo sauti, tena ana subira kuliko mimi. Nami nitaandika kila mwezi, na nitaandika ukweli, hata ukiwa mfupi.

Teresia, ulinijengea nyumba mahali ambapo maji hayafiki. Nimelia kwa ajili yake, na sitaki ufikiri kwamba sikuiona. Nimeiona. Lakini sitaki uendelee kufagia ua wake ukimngoja mtu.

Sitarudi.

Laban